BAZANA YUKO WAPI?
Familia mbili za Kongo na kesi iliyochukua miaka 12

Mara nyingi ukurasa huu unakuwa wa mambo ya nyumbani: maji, vyandarua, watoto wanaokimbia shule, bustani ndogo nyuma ya nyumba. Mwezi huu tumeuachia jambo lingine, na tukilitazama vizuri tunaona nalo ni la nyumbani. Karibu kila bloku ya kambi hii kuna mama, baba au mtoto ambaye mtu wake hajulikani aliko. Hana kaburi, hana barua, hana hata mtu wa kusema nilimuona mahali fulani. Na kuna wengine ambao mtu wao waliuawa mbele ya macho yao, muuaji wanamjua kwa jina, na mpaka leo hakuna aliyewauliza neno.

Sisi walimu wa kujitolea tunayasikia haya darasani, hasa katika madarasa ya jioni ya watu wazima. Mama mmoja alituuliza: "Mwalimu, mtu kama maiti yake haikuonekana, serikali inamuhesabu amekufa au yuko hai?" Darasa zima likanyamaza likatutazama sisi. Tukasema tutatafuta jibu. Katika kutafuta ndipo tulipoirudia kesi moja ambayo wengi wenu mliisikia redioni, kesi ya Floribert Chebeya na Fidèle Bazana. Chebeya watu wanamkumbuka. Bazana, ukiuliza, wengi wanajibu: "Ah, yule dereva wake." Basi tuanze hapo.

Kwanza Chebeya mwenyewe. Alikuwa mtoto wa Bukavu, alizaliwa mwaka 1963. Mwaka 1983, akiwa kijana wa miaka 20, wakati wa Mobutu, yeye na wenzake walianzisha kikundi cha kutetea haki za watu ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Kifaransa la Voix des Sans Voix, yaani sauti ya wasio na sauti. Wakati ule kusema neno baya juu ya serikali si mchezo. Alikamatwa, akatishwa, akajificha, akarudi tena kazini. Mobutu akaondoka mwaka 1997, akaja Kabila baba, akaja Kabila mtoto, na Chebeya alikuwa bado anaandika ripoti zilezile: nani amefungwa bila kesi, nani amepigwa, nani ameuawa. Kikundi chake kilipaza sauti pia juu ya mauaji ya wafuasi wa dini ya Bundu dia Kongo kule Bas-Congo mwaka 2007 na 2008, ambapo polisi walishutumiwa kwa kuua raia wengi.

Fidèle Bazana alikuwa mtu wa kikundi hichohicho. Hili tunataka lieleweke, kwa sababu neno "dereva" linawafanya watu wafikiri ni mtu aliyekodiwa siku ile, akapatwa na bahati mbaya. Hapana. Alikuwa mwanachama, alijua kazi ni ya hatari, na aliendesha gari hivyohivyo.

Siku ya Jumanne tarehe 1 Juni 2010, Chebeya aliitwa makao makuu ya polisi mjini Kinshasa. Alieleza watu wake kwamba anakwenda kuonana na mkuu wa polisi ya nchi nzima, Jenerali John Numbi. Jioni wakaondoka, Bazana kwenye usukani. Chebeya aliwasiliana na mke wake kwa simu akiwa kulekule, akasema yuko anangoja. Usiku simu zao zikanyamaza, zote mbili.

Kesho yake asubuhi maiti ya Chebeya ilionekana ndani ya gari lake, kwenye kiti cha nyuma, upande wa Mitendi, nje kidogo ya mji kwenye barabara inayokwenda Matadi. Gari lilikuwepo. Chebeya alikuwepo. Dereva hakuwepo.

Na ndani ya gari mlikuwa na vitu. Kondomu, nywele za bandia za kike, kucha za bandia. Polisi walipotangaza kifo chake, vitu hivyo wakavitaja. Unaelewa maana yake, msomaji. Walitaka nchi nzima iseme: aa, kumbe huyu mtetezi wa haki alikuwa na wanawake, amefia huko kwenye starehe zake. Walimuua mara ya kwanza kwa mikono, mara ya pili kwa aibu. Mjane anatafuta nguvu ya kulia, huku anatakiwa aanze kwanza kumtetea mume wake mbele ya majirani. Wengi wenu mnaijua mbinu hii hata bila kuambiwa. Mtu wako anauawa, halafu linatafutwa neno la kumpaka: alikuwa mwizi, alikuwa mwasi, alikuwa mchawi. Ukishaona jirani ameanza kusema "lakini na yeye...", ujue neno limeshafanya kazi yake.

Watu hawakukubali. Kelele zikawa nyingi, Kongo na ng'ambo, na siku chache baadaye Jenerali Numbi akasimamishwa kazi. Yeye akasema hakuwa na miadi yoyote na Chebeya wala hakumuona siku ile. Wataalamu wa Uholanzi wakaja kupima maiti pamoja na madaktari wa Kongo. Waliona moyo wake ulikuwa na ugonjwa, na waliona pia alama kwenye mwili, lakini hawakutoa jibu moja la mkato juu ya kilichomuua. Kila upande ukachukua kipande cha ripoti unachokipenda. Chebeya akazikwa Kinshasa tarehe 26 Juni 2010. Siku nne baadaye nchi ikasherehekea miaka 50 ya uhuru, gwaride, wageni wakubwa, mfalme wa Ubelgiji akiwa jukwaani.

Nyumbani kwa Bazana hawakuzika. Hawakuwa na cha kuzika.

Hapo tunaomba tusimame kidogo. Sisi wote tunajua matanga yanavyokwenda. Watu wanakuja, moto unawashwa nje, wazee wanakaa, mwili unaingia, unatoka, unazikwa. Baadaye siku inapangwa ya kumaliza matanga, wajane wananyoa au wanabadilisha nguo, mambo ya mali na watoto yanazungumzwa. Ni mpango mzuri, wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini mpango wote umesimama juu ya maiti. Maiti isipokuwepo, mjane ni mjane au si mjane? Ukimaliza matanga, unamzika mtu ambaye labda yuko jela fulani anakungoja. Usipomaliza, mwaka wa kwanza unapita, wa pili, wa tano, mlango ukigongwa usiku bado moyo unaruka. Katika kambi hii tunao akina mama wanaoishi hivyo tangu mwaka 1996 na 1998. Ndiyo sababu tumemchagua Bazana.

Sasa kesi. Ilianza Novemba 2010 mbele ya mahakama ya kijeshi, kwa sababu huko Kongo polisi wanahukumiwa na majaji wa kijeshi. Ilisikilizwa ndani ya gereza la Makala. Washitakiwa walikuwa polisi 8. Watano walikuwepo, watatu walikuwa wametoroka. Mkubwa kati ya waliokuwepo alikuwa Kanali Daniel Mukalay wa idara maalum ya polisi. Jenerali Numbi aliitwa, lakini kama shahidi tu. Familia na mawakili wao waliomba ashitakiwe, haikukubaliwa.

Tarehe 23 Juni 2011 hukumu ikasomwa: wanne kifo, yaani Mukalay na wale watatu watoro, mmoja kifungo cha maisha, watatu wakaachiwa huru. Ukisikia hivyo unasema haki imetendeka. Hesabu tena. Katika wanne waliohukumiwa kifo, watatu hawakuwa hata gerezani. Maiti ya Bazana haikuonekana. Na swali ambalo familia zililia nalo tangu siku ya kwanza, swali la nani alitoa amri, likabaki pale pale. Askari wa chini haamki asubuhi akaamua kumuua mtu mkubwa namna ile ndani ya ofisi ya polisi.

Rufaa ikaja. Ikavutwa, ikasimama, ikaanza tena, na tarehe 17 Septemba 2015 mahakama kuu ya kijeshi ikamshushia Mukalay adhabu kutoka kifo hadi miaka 15, na wenzake waliokuwa naye kizimbani wakaachiliwa. Miaka mitano ya kwenda mahakamani, na familia zikatoka na kidogo kuliko zilichoingia nacho.

Wakati huo familia ya Chebeya ilikuwa imeshakimbilia Kanada. Ndiyo, ndugu zetu, nao walikimbia. Mjane yule aliyekuwa akisema redioni "tunataka ukweli" alikuwa anaisema kutoka nchi ya watu, kama sisi. Tunalitaja hili kwa sababu tunasikia sana hapa kambini maneno ya kwamba ukishavuka mpaka umepoteza haki ya kudai. Si kweli, na sehemu inayofuata ya habari hii inaonyesha.

Mmoja wa wale watoro watatu aliitwa Paul Mwilambwe. Alikuwa ofisa wa polisi aliyehusika na ulinzi katika makao makuu yale. Alitoroka akafika Senegali, na mwaka 2012 akaanza kuongea na waandishi wa habari. Alisema yeye hakuua, ila aliona mambo kwenye kamera za ulinzi za jengo, na akaeleza kwamba amri ilitoka kwa Numbi. Numbi amekana siku zote. Mwaka huohuo mtengeneza filamu wa Ubelgiji, Thierry Michel, alitoa filamu juu ya kesi hii. Alipotaka kuingia Kinshasa kwa ajili ya filamu yake alizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa.

Familia zikafanya jambo ambalo wengi hawakulifikiria. Mwezi Juni 2014, zikisaidiwa na shirikisho la kimataifa la vyama vya haki za binadamu, zikapeleka malalamiko kwenye mahakama ya Dakar, Senegali. Mtu atauliza: Senegali inahusika nini na Wakongo waliouawa Kinshasa? Ni hivi. Mwaka 2007 Senegali iliweka sheria inayoruhusu majaji wake kushughulikia makosa makubwa sana kama mateso, hata yakiwa yametendwa nchi nyingine, ilimradi mshukiwa yuko ndani ya Senegali. Ndugu zetu wa Chadi ndio waliofungua njia. Walikuwa wanamtafuta Hissène Habré, aliyetawala Chadi kutoka 1982 hadi 1990 kisha akakimbilia Dakar. Mmoja wao, Souleymane Guengueng, alikuwa karani wa hesabu tu, si mwanasheria. Alifungwa zaidi ya miaka miwili, akaona wenzake wanakufa humo ndani, na akaapa akitoka hatanyamaza. Alipotoka yeye na wenzake wakaanza kuandika habari za waathirika mmoja mmoja, watu 792, na makaratasi yale akayaficha nyumbani kwake kwa miaka, mpaka mwaka 2000 yalipofika Dakar. Habré akahukumiwa kifungo cha maisha tarehe 30 Mei 2016. Ukihesabu kutoka siku alipoanguka ni miaka 25 na ushee. Karani na kalamu.

Basi Januari 2015 jaji wa Dakar akamfungulia Mwilambwe mashitaka. Kwa familia ya Bazana ilikuwa mara ya kwanza kusikia jaji asiyekuwa chini ya mkubwa yeyote wa Kinshasa. Kesi ile ya Dakar haikufika mwisho wake, lakini ilifanya kazi nyingine: faili halikufa. Wakubwa wanategemea sana uchovu wa watu. Wanajua baada ya miaka mitatu wanahabari wanakwenda kwenye habari nyingine, baada ya mitano wakili anataka kulipwa, baada ya saba watoto wameshakuwa wakubwa na wana shida zao. Kila mwaka tarehe za Juni zilipofika, Voix des Sans Voix walikusanyika, wakasema majina mawili. Mwanzoni kila mtu aliiita "kesi ya Chebeya". Baadaye ikawa "kesi ya Chebeya na Bazana". Ni neno moja tu limeongezwa, lakini sisi tunaona halikuongezwa bure. Kuna mjane aliyehakikisha halisahauliki.

Huku nyuma Numbi alikuwa amerudi juu. Mwaka 2018 alipewa cheo cha inspekta mkuu wa jeshi. Halafu upepo wa siasa ukageuka. Kabila aliachia urais Januari 2019, na Julai 2020 Numbi akaondolewa kwenye kile cheo. Septemba 2020 Christian Ngoy Kenga Kenga, mmoja wa watoro watatu waliohukumiwa mwaka 2011, akakamatwa Lubumbashi na kupelekwa Kinshasa. Miaka yote ile ya "utoro", kumbe mtu hakuwa mwezini.

Februari 2021 ndipo kitu kikapasuka. Polisi wawili waliokuwa mafichoni nje ya Kongo waliongea na redio ya RFI, wakasema kwa midomo yao: sisi tulikuwepo. Walieleza kwamba Chebeya na Bazana walikamatwa mlemle makao makuu ya polisi, wakafunikwa vichwa kwa mifuko ya plastiki mpaka pumzi ikakata. Maiti ya Chebeya ikarudishwa kwenye gari lake na kupelekwa Mitendi, na vile vitu vya aibu vikapangwa ndani. Bazana, wakasema, alizikwa usiku katika kiwanja cha ofisa mmoja mkubwa wa jeshi.

Msomaji, jaribu kujiweka mahali pa familia ile. Miaka kumi na miezi minane hujui kitu. Halafu redio inawashwa, na sauti ya mtu anayesema alikuwepo inakueleza mume wako alikufa vipi. Ni habari ya kutisha kuliko zote, na ni habari uliyokuwa unaiomba kwa Mungu kila usiku. Tulipoisoma sehemu hii darasani, yule mama wa swali alisema tu: "Afadhali yeye ameambiwa." Hatukuwa na la kuongeza.

Numbi alipotakiwa na waendesha mashitaka wa kijeshi mwezi Machi 2021 alikuwa ameshaondoka nchini, na mwaka uleule jeshi likamtangaza kuwa mtoro. Mwilambwe akarudi Kinshasa kwa hiari yake kutoa ushahidi. Jacques Mugabo, mtoro wa tatu, naye alikuwa ameshatiwa mkononi. Kesi mpya ikafunguliwa tarehe 22 Septemba 2021 mbele ya mahakama kuu ya kijeshi, safari hii katika gereza la Ndolo, na Mugabo akakiri mbele ya majaji kwamba alishiriki.

Hukumu ilitoka tarehe 11 Mei 2022. Kenga Kenga, kifo. Mugabo, miaka 12, kwa kuwa alikiri na kusaidia mahakama. Mwilambwe, huru. Jenerali hakuwepo kizimbani mwaka 2011, hakuwepo 2015, hakuwepo 2022. Na siku hiyo ya hukumu, karibu miaka 12 kamili tangu lile gari liondoke jioni, familia ya Bazana ilikuwa bado haijapewa hata mfupa mmoja wa kuzika.

Kuna msomaji atasema: sasa mmetuandikia nini, kama mwisho ndio huo? Kwa maoni yetu kilichopatikana si kidogo. Mwaka 2010 neno rasmi lilikuwa "tumemkuta ndani ya gari na kondomu". Mwaka 2022 neno la mahakama lilikuwa mauaji, na yamefanywa na polisi. Ile aibu imeondolewa kwa marehemu, watoto wake wanaweza kulitamka jina la baba bila kuinamisha kichwa. Lakini aliyetoa amri hakuhukumiwa, na sisi hatutaki kuwadanganya kwamba huo ni mkia tu wa ng'ombe. Kwa familia zile huenda ndio ng'ombe mwenyewe.

Wengine mtatukumbusha kesi za kwetu mashariki, na mna haki. Pascal Kabungulu aliuawa nyumbani kwake Bukavu usiku wa Julai 2005. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Jambo la ajabu, rafiki zake wawili waliokuwa naye usiku ule ndio wakahukumiwa kifo kwanza, na ilibidi ingojewe rufaa ya mwaka 2008 ndipo wakaachiwa. Mwenzake Didace Namujimbo akauawa mji uleule Novemba 2008. Na hawa ni watu wenye majina, wenye redio na mashirika nyuma yao. Mkulima wa kijijini aliyechukuliwa njiani akitoka shambani, yeye hana hata mstari mmoja kwenye gazeti. Kama nyumbani kwake hawakuandika, hakuna palipoandikwa.

Turudi kwenye swali la mama, maana tulimuahidi. Kisheria mtu asiyeonekana hahesabiwi amekufa mara moja; nchi nyingi zinataka miaka fulani ipite na jaji atamke, na bila karatasi ile mambo ya ndoa, shamba na urithi yanakwama. Kwa wale waliochukuliwa na watu wa serikali halafu wakafichwa, kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ulioanza kufanya kazi Desemba 2010, miezi sita tu baada ya Bazana kupotea. Mkataba unasema kosa hilo linaendelea kuhesabiwa kama halijaisha mpaka ijulikane mtu yuko wapi. Na unaihesabu familia nayo kuwa imetendewa kosa, yenye haki ya kujua ukweli. Maana yake yule mama si mtu anayeomba huruma ofisini. Ni mwenye madai.

Kwa upande wa kutafuta, Msalaba Mwekundu wanapokea majina ya watu waliopotea na hawadai hata senti. Wanaweza pia kupeleka barua fupi za familia. Barua inakwenda wazi bila kufungwa, ni ya habari za nyumbani tu, siasa haziingii. Habari zako hawazipeleki polisi wala kwa upande wowote. Ukimtafuta mtu, wape jina lake lote pamoja na jina la nyumbani, jina la baba na la mama, mwaka aliozaliwa hata kama ni wa kukisia, mahali alipoonekana mara ya mwisho na alikuwa na nani. Wengi wanatoa jina moja tu la ubatizo, sasa "Jean" wa Kivu watampata vipi?

Lakini yako pia yale ambayo hayaendi Msalaba Mwekundu, yale ya nani alifanya nini. Hayo yaandikwe yakae. Kilichoisaidia familia ya Chebeya na Bazana kwa sehemu kubwa ni mambo madogo yaliyoshikwa tangu siku ya kwanza: saa aliyotoka, alisema anakwenda kwa nani, ujumbe gani wa simu uliingia saa ngapi. Andika ulichokiona kwa macho peke yake, na ulichosikia kwa watu kiandike mbali, useme ulikisikia kwa nani. Tarehe kama huijui, weka alama: ilikuwa wakati wa kuvuna maharage, ilikuwa Jumapili baada ya misa. Usiongeze chumvi, kwa sababu siku moja wakili wa upande wa pili ataisoma. Na daftari usilitembeze. Mambo haya si ya kusomewa watu kwenye foleni ya maji. Kambini tumechanganyika, na huenda mtoto wa yule unayemtaja anakaa dawati moja na mtoto wako, wala hajui kitu, wala hana kosa.

Wasiojua kuandika, au wale ambao mkono unatetemeka wakifika kwenye lile jina, waje darasa la pili siku ya Jumatano na Ijumaa kuanzia saa tisa mchana, watoto wakishatoka. Tutakuwa wawili, mwalimu wa kiume na mwalimu wa kike, mtachagua wa kumwambia. Tutaandika kama mtakavyosema, tutawasomea tena mpaka mseme ndivyo, na daftari mtaondoka nalo wenyewe. Kalamu tunazo. Daftari, tafadhali, kila mtu aje na lake.